Ndege Isiyotoka Nyumbani

Kuiga ni shule ya kwanza ya binadamu. Mtoto hukunja waya akaunda gari, akalisukuma njiani huku akinguruma kwa kinywa chake mwenyewe. Na mwenzake hufinyanga chungu kidogo cha udongo, akapika ndani yake majani ambayo hayataliwa na mtu. Hatuwacheki, maana twajua kuwa siku moja mmoja wao huenda akashika usukani wa kweli, na mwingine akapakua chakula cha kweli. Lakini si kila mwigo humfikisha mwigaji katika jambo lenyewe. Upo mwigo unaofundisha, na upo mwigo unaodanganya. Na kwa macho ya mtu asiyechungua, miigo hii miwili hufanana kama shilingi kwa ya pili.

Katika insha hii nataka tuhakiki mwigo mmoja wa zama zetu, ambao vijana wengi wameusikia na baadhi yao wameujaribu: kurusha ndege kubwa ya abiria ya zamani katika kompyuta nyumbani. Nasema tuuhakiki kama tuhakikivyo shairi au mchezo wa kuigiza. Yaani tuulize umetengenezwa kwa kusudi gani, wasema kweli kiasi gani, na humwacha mtu katika hali gani baada ya kuutumia.

Mwigo wa urukaji si jambo la jana. Mwaka 1929 Mmarekani mmoja, Edwin Link, ambaye jamaa zake walikuwa na kiwanda cha vinanda katika mji wa Binghamton, alitengeneza kisanduku chenye umbo la ndege ndogo. Mivuo iliyotumika katika kazi ya vinanda ilikifanya kisanduku hicho kiinuke, kiiname na kugeuka kwa amri ya mtu aliyeketi ndani. Wengi walikidhania kitu cha kuchezea. Lakini mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipopewa kazi ya kuchukua barua kwa ndege, marubani kadhaa walikufa katika giza na tufani, kwa kuwa hawakuzoea kuruka kwa kutegemea vipimo pasipo kuona nje. Ndipo jeshi liliponunua visanduku sita vya Link. Kitu cha kuchezea kikawa mwalimu, na sababu yake ilikuwa mauti ya watu. Kisha mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ilitoa programu yake ya kwanza ya urukaji kwa kompyuta ndogo, na mwalimu yule akaingia nyumbani mwa watu.

Ndege nitakayoitolea mfano ni Boeing 747 ya namna ya kwanza. Iliruka mara ya kwanza tarehe 9 Februari 1969, na Januari 1970 ikaanza kuchukua abiria kati ya New York na London. Ilikuwa na injini nne, orofa mbili, na nafasi ya watu zaidi ya 300. Chumbani mwa marubani waliketi watu watatu: rubani mkuu, rubani msaidizi, na nyuma yao mhandisi wa ndege. Mhandisi huyo hakuwa abiria wa heshima. Mbele yake palikuwa na ukuta mzima wa vipimo vya mishale, taa na swichi, na kazi yake ilikuwa kuulisha umeme, mafuta na hewa mwili wote wa ndege. Namna mpya ya 747 iliyoanza kazi mwaka 1989 iliondoa kiti chake, na kompyuta zikarithi kazi yake. Basi mtu achaguaye kujifunza ndege ya zamani achagua kurudi katika siku ambazo binadamu alifanya kwa mkono na kwa akili kazi ambayo sasa hufanywa kimya kimya na mtambo.

Mafundi wa programu wameiga ndege hii kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni rahisi na yapendeza. Kijana hufungua kompyuta, akakuta ndege imekwisha simama mwanzo wa njia, injini zote nne zavuma. Hubonyeza kitufe kimoja mabawa yakapanuka, akasukuma nyenzo za nguvu, na kufumba na kufumbua yumo mawinguni. Mawingu ni meupe, mbuga zimechorwa kwa ufundi, na machweo ya jua ni mazuri kuliko yale ya kweli. Kijana huyo akiamka mezani husema, “Nimerusha 747.” Amerusha picha ya 747.

Njia ya pili ni ngumu, na hapo mwanzo huchosha. Kijana hukuta ndege baridi, giza, haina uhai. Hapana budi aanze na betri, kisha awashe injini ndogo ya mkiani itoayo umeme na hewa, kisha aangalie mafuta, kisha taa, kisha vipimo, kila kimoja kwa zamu yake na kwa orodha ya ukaguzi mkononi. Hapana budi auambie mtambo wa kuongoza safari mahali ndege iliposimama. Kama yuko Nairobi, lazima aandike kuwa yuko nyuzi 1 na dakika 19 kusini ya ikweta, na nyuzi 36 na dakika 55 mashariki. Kisha angoje dakika kadhaa bila kuisogeza ndege, mpaka mtambo utulie na kuujua upande wa kaskazini. Akikosea akaandika magharibi badala ya mashariki, mtambo hauna njia ya kuiona nchi iliyo nje ya dirisha. Utaanza safari yake na uwongo aliopewa. Saa nzima yaweza kupita kabla gurudumu halijazunguka mara moja.

Wasomaji wengine watauliza, faida ya taabu hiyo ni nini, na hali safari yenyewe haifiki popote? Swali ni zuri, na jibu lake silitoi katika hewa tupu. Laweza kutolewa na ardhi ya Nairobi yenyewe.

Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1974, ndege ya namna hii ya shirika la Lufthansa, safari namba 540, iliyotoka Frankfurt kwenda Johannesburg, ilijitayarisha kuondoka Embakasi. Ndani yake walikuwamo watu 157. Mabawa ya 747 yana vibawa vidogo katika ukingo wa mbele, ambavyo hufunguka wakati wa kuruka ili bawa liweze kubeba uzito katika mwendo mdogo. Vibawa hivyo havivutwi kwa kamba wala kwa mkono. Husukumwa kwa hewa yenye nguvu itokayo katika injini, na hewa hiyo hupita katika vali ambazo mhandisi huzifungua na kuzifunga kwa swichi. Siku ile vali zilikuwa zimefungwa, na orodha ya ukaguzi haikuwafunulia kasoro hiyo. Vibawa vya nyuma vilishuka kama kawaida, lakini vya mbele havikutoka.

Ndege ilikimbia njiani ikainuka. Uwanja ule uko mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na bawa hupata shida zaidi kuliko Mombasa. Ikatikisika, ikakataa kupanda, ikashuka tena na kupiga ardhi kiasi cha mita 1,000 na ushei kupita mwisho wa njia. Watu 59 walikufa. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 iliyoua watu, na baada yake ndege hizo ziliongezewa njia ya kuwaonya marubani iwapo vibawa vya mbele havikutoka. Mdharau mwiba mguu huota tende. Tena sisemi haya ili kuwalaumu watu wale, maana walikuwa mabingwa wa kazi yao, na waliyoyasahau mabingwa sisi tungeyasahau mara kumi. Nayasema ili tupate kipimo cha uhakiki wetu.

Kipimo chenyewe ni hiki: je, mwigo huu waweza kukuangusha kama ndege ya kweli ilivyowaangusha watu wale? Katika mwigo rahisi, kitufe kimoja huteremsha vibawa vyote, vya mbele na vya nyuma, kwa sababu aliyeutengeneza alitaka picha ya mabawa yaliyopanuka, si sababu ya kupanuka kwake. Katika mwigo huo ajali ya Embakasi haiwezekani kutokea, na kwa hiyo somo la Embakasi haliwezekani kufundishwa. Mwigo wa kweli hufuata sababu. Ndani yake injini huzaa hewa, hewa hupita katika vali, vali hutii swichi, na swichi hungoja kidole cha mtu. Ukisahau swichi, vibawa vya mbele havitatoka, na hapana sauti itakayokuja kukuokoa kwa huruma. Mwigo unaokunyima nafasi ya kukosea umekunyima pia nafasi ya kujua.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosifu programu hizi kwa uzuri wa mawingu na nyasi. Mapambo si kosa. Hata msahafu hufungwa kwa jalada zuri. Lakini mtu asomaye jalada tu hajasoma kitu. Nimewahi kuona mwigo wenye sura duni, ambao milima yake ilikuwa kama mikate iliyoungua, lakini vipimo vyake vilisema kweli tupu. Na mwingine wenye sura ya kupendeza ambao mishale yake ilikuwa mapambo, haikuunganishwa na kitu chochote. Wa kwanza ni mwalimu mwenye kanzu kuukuu. Wa pili ni mlaghai aliyevaa joho.

Hata hivyo, mhakiki asiyetaja upungufu wa kitu akipendacho si mhakiki, ni mpiga debe. Mwigo wa nyumbani, hata ulio bora, una upungufu mkubwa wa aina tatu. Kwanza, hauna mwili. Kiti hakikusukumi mgongoni, masikio hayazibi, na bawa linapochoka kubeba, mtikisiko wake huuoni mifupani mwako. Pili, hauna hofu. Katika mwigo waweza kuusimamisha wakati, ukaenda kunywa chai, ukarudi ukakuta ndege ingali imening’inia pale ulipoiacha. Angani hapana chai ya namna hiyo. Tatu, na upungufu huu naona ndio mkubwa, hauna wenzako. Chumba cha watu watatu chakaliwa na mtu mmoja, anayejiuliza na kujijibu mwenyewe. Orodha ya ukaguzi ilitungwa ili mmoja asome na mwingine aangalie na kujibu, kwa maana macho ya wawili hushinda macho ya mmoja. Ukijisomea na kujijibu, ni rahisi mno kusema “tayari” kwa mazoea ya ulimi, kabla jicho halijafika kwenye swichi.

Kwa hiyo asidhani kijana yeyote kuwa amekuwa rubani kwa sababu ameishinda ndege ya mezani. Marubani wa kweli nao hufunzwa katika mitambo ya kuiga, lakini mitambo hiyo ni vyumba vizima vinavyoinuka na kuinama, wakiwa pamoja na wenzao na mbele ya mwalimu anayewategea hitilafu wasizozitazamia. Mwiga tembo hupasuka msamba. Mwigo wa nyumbani humpa mtu ufahamu wa ndege, lakini haumpi haki ya kubeba roho za watu.

Sasa ikiwa haumfanyi mtu rubani, wamfanya nini? Naona humfanya mtu mwenye subira na adabu ya kuangalia. Kijana aliyejifunza kwa uaminifu kuiamsha ndege ya zamani kutoka katika baridi yake amejifunza kuwa matokeo yana sababu, na kuwa sababu zina mpango. Amejifunza pia kutoiamini kumbukumbu yake kupita kiasi. Tabia hiyo humfaa daktari kabla ya kupasua, humfaa fundi wa umeme kabla ya kugusa waya, na humfaa mwanafunzi kabla ya kuukabidhi mtihani wake.

Tena somo hilo halikufungiwa katika nyumba za wenye fedha. Kompyuta yenye nguvu ni ghali, na shule nyingi hazinayo. Lakini marubani wa tangu zamani wamekuwa na desturi ya kubandika ukutani picha ya chumba cha urubani, wakaketi mbele yake na kugusa kila swichi kwa kidole huku wakitaja kazi yake. Karatasi hiyo haina mawingu wala machweo, wala haivumi. Lakini mtu awezaye kueleza mbele yake kwa nini kibawa cha mbele chahitaji hewa, na hewa hiyo yatoka wapi, ameikaribia ndege zaidi ya yule aliyezunguka dunia nzima katika kiwambo kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Basi, msomaji, ukiketi mbele ya mwigo wowote, wa ndege au wa jambo jingine, usiulize kwanza kama wapendeza. Tafuta swichi moja ndogo, uiache imefungwa kwa makusudi, kisha utazame yatakayotokea. Kama hapatokei kitu, furahi kwa mchezo wako, lakini usiuite shule. Kama bawa litakataa kubeba, jua kuwa uko mbele ya mwalimu. Rudi mwanzo, ushike orodha yako, uanze tena na betri.