Kesi ya Gashonga Hutafutwa kwa Ramani na Mwaka

Mtu anapotaka jalada la kesi iliyotokea Gashonga, wilaya ya Rusizi, kitu cha kwanza anachoandika kwenye ombi lake ni jina la mdai au la mshtakiwa. Kazi huharibikia hapo hapo. Katika kona hii ya kusini-magharibi mwa Rwanda, majalada yamehifadhiwa kwa kufuata mahali na mwaka. Jina la mtu huja baadaye, na tutaona kwa nini.

Gashonga ya leo ni tarafa, yaani umurenge, mojawapo ya tarafa 18 za Rusizi. Lakini kuanzia 2001 hadi mwisho wa 2005 jina hilo lilikuwa la wilaya nzima ndani ya mkoa wa Cyangugu. Kabla ya hapo milima hii ilihesabiwa chini ya komini, zenye majina mengine kabisa. Tarehe 1 Januari 2006 nchi ilichorwa upya: mikoa 12, ukiwemo mji wa Kigali, ikawa 5, wilaya 106 zikawa 30, tarafa 1,545 zikawa 416, kata 9,165 zikawa 2,148. Kwa hiyo hati ya 2003 iliyoandikwa Gashonga yaweza kuhusu mlima ulio mbali sana na ofisi ya tarafa ya sasa, na hati ya 1998 kuhusu shamba lililo jirani na ofisi hiyo huenda isilitaje jina hilo hata mara moja. Ndiyo maana hatua ya kwanza haigharimu senti: kaa na mzee wa mlima huo, umuulize tulikuwa komini gani, baadaye wilaya gani, na kata ile iliitwaje kabla ya 2006. Andika majibu yote matatu kwa mpangilio wa miaka.

Mpangilio huo ndio ufunguo wa hazina kubwa kuliko zote, kumbukumbu za gacaca. Mahakama hizi za wananchi, zilizosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya 1994, zilianza kwa majaribio Juni 2002, zikaenea nchi nzima 2005 na 2006, na zikafungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012 zikiwa zimeamua kesi 1,958,634. Zilikuwa 12,103: za kata 9,013, za tarafa 1,545, na za rufaa 1,545. Linganisha hiyo 1,545 na idadi ya tarafa za zamani. Inalingana sawasawa, kwa sababu gacaca ilijengwa juu ya ramani ya kabla ya 2006 na ikaendelea nayo hadi mwisho, hata baada ya serikali za mitaa kuhamia mipaka mipya. Anayeomba kumbukumbu za gacaca za tarafa ya Gashonga kwa mipaka ya leo anaomba kitu ambacho hakikuwahi kuwepo kwa umbo hilo. Aombe kwa jina la kata ya zamani na tarafa ya zamani.

Ajue pia ngazi ipi ilishughulikia nini. Mahakama ya kata ilikusanya taarifa: nani aliishi hapa kabla ya Aprili 1994, nani aliuawa, mali gani iliporwa, nani anatuhumiwa. Kisha yenyewe iliamua kesi za mali, nazo zilikuwa 1,320,554, theluthi mbili ya kesi zote. Makosa ya mwili na mauaji yalipanda hadi tarafa. Hivyo anayetafuta makubaliano ya kulipa ng'ombe au mabati ya nyumba atafute madaftari ya kata. Anayetafuta hukumu ya kifungo atafute jalada la tarafa, na rufaa yake kando. Mtu mmoja anaweza kuwa na karatasi katika sehemu zote tatu.

Baada ya kufungwa, karatasi hizo zilikusanywa Kigali, kurasa takriban milioni 60, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa mkono na inyangamugayo, waamuzi wa gacaca, waliokuwa wakulima na walimu. Kazi ya kuzigeuza kuwa nakala za kidijiti ilisimamiwa na tume ya kupambana na mauaji ya kimbari, CNLG, na tangu 2021 dhamana yake iko kwa wizara ya umoja wa kitaifa, MINUBUMWE. Ombi hupelekwa huko. Kwa maoni yangu hapa pana deni kwa watu wa milimani: walioandika madaftari hayo wako Rusizi, nayo yako safari ya siku nzima kutoka kwao. Kuwe na njia ya kuyasomea wilayani.

Sasa turudi kwenye jina. Wanyarwanda kwa desturi hawana jina la ukoo linalorithiwa. Baba, mama na watoto kila mmoja ana lake. Kumtafuta mtu kwa jina la baba yake kama tunavyofanya Mombasa au Tanga hakufiki popote. Karatasi za mahakama humtambulisha mtu kwa neno mwene, likifuatwa na majina ya baba na mama, kisha mwaka wa kuzaliwa, kata na tarafa. Ombi lililobeba majina ya wazazi wote wawili linamwondolea karani mashaka, maana watu wenye jina moja kwenye mlima mmoja ni wengi. Tahajia nayo iangaliwe. Herufi r na l hubadilishana kati ya maandishi ya Kinyarwanda na yale yaliyopitia Kifaransa, na mfano wake mzuri uko Gashonga kwenyewe.

Ndani ya tarafa hii ipo Mibirizi: misheni iliyoanzishwa 1903, hospitali, na jina ambalo wakulima wa kahawa wanalijua kwa mbegu iliyotokea hapo. Aprili 1994 watu waliokimbilia parokia hiyo waliuawa. Mmoja wa walioshtakiwa kwa mauaji hayo, Yussuf Munyakazi wa Bugarama, hakuhukumiwa Rusizi wala Kigali. Alihukumiwa Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, kesi nambari ICTR-97-36A. Hukumu ilitolewa 30 Juni 2010, miaka 25, kwa mashambulizi ya parokia za Shangi na Mibirizi, na rufaa ikaithibitisha Septemba 2011. Majalada ya mahakama hiyo yako chini ya chombo kilichoirithi, kule Lakilaki nje ya Arusha, na sehemu ya wazi inasomeka kwenye hifadhidata yake ya intaneti bila kulipa wala kuomba ruhusa. Lakini tafuta humo neno Gashonga uone utakavyohangaika. Mahakama iliandika Mibilizi, kwa l, ndani ya komini ya Cyimbogo, mkoa wa Cyangugu. Hizo ndizo funguo tatu. Mashahidi wengi humo wametajwa kwa herufi tu, na vikao vya faragha vimefungwa. Ulinzi huo usijaribiwe kuvunjwa kwa kubahatisha majina, kwani baadhi ya watu hao bado wanaishi na majirani wale wale.

Kesi za kawaida, za mashamba, madeni, ndoa na wizi, zina njia iliyo wazi zaidi. Mahakama ya chini ni ya mwanzo, Urukiko rw'Ibanze; juu yake kwa wilaya hii ni Mahakama ya Kati ya Rusizi, Urukiko Rwisumbuye. Usipojua ni mahakama gani ya mwanzo iliyoshika kesi, anza na hii ya kati, kwa kuwa rufaa hupanda huko na rejista yake itaonyesha zilikotoka. Nambari ya kesi inajisoma yenyewe ukiizoea. RC ni madai, RP ni jinai, na A ikiongezwa, RCA au RPA, ujue ni rufaa. Hufuata nambari ya mfululizo, mwaka, kisha ngazi: TB kwa ya mwanzo, TGI kwa ya kati. Rufaa hupewa nambari mpya, basi hukumu ya juu mara nyingi ndiyo inayokutajia nambari ya ile ya chini. Mfumo wa kielektroniki wa IECMS ulianza 2016. Kesi zilizofunguliwa ndani yake, mhusika au wakili wake huziona kwa kuingia katika akaunti. Za kabla yake zinahitaji karani na kabati. Na kama ni kesi ya shamba, beba nambari ya kiwanja, UPI, ambayo kwa Mkoa wa Magharibi huanza na 3 na kuendelea kwa wilaya, tarafa, kata na kiwanja chenyewe. Shamba hutajwa vile vile hata wenyewe wakibadilika.

Migogoro midogo huenda haikufika mahakamani kabisa. Huamuliwa na abunzi, wapatanishi wa kata, na rufaa yao iko tarafani. Uliza ofisi ya kata kwanza.

Ombi lenyewe liwe fupi: nambari au mwaka, majina ya pande mbili na wazazi wao, mahali kwa majina ya zamani na ya sasa, na aina ya nakala. Hapo kwenye aina pana kosa linalorudisha watu mara ya pili. Nakala ya kusoma ni moja, nakala iliyothibitishwa ni nyingine, na yenye kashe mpuruza, muhuri wa kutekeleza hukumu, ni ya aliyeshinda tu. Asiyekuwa mhusika amwandikie rais wa mahakama na ataje sheria ya kupata taarifa, nambari 04/2013 ya tarehe 8 Februari 2013. Sheria hiyo inaruhusu kuomba kwa mdomo, kwa maandishi, kwa simu au kwa intaneti, katika lugha rasmi yoyote, na Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Wasomaji wa Bukavu wanaovuka daraja la Rusizi walijue hilo. Hata hivyo nashauri barua iandikwe Kinyarwanda, kwa sababu rejista imeandikwa hivyo na karani atalinganisha neno kwa neno. Sheria hiyo hiyo inazuia taarifa zinazoingilia faragha ya mtu, na kesi za watoto na za ndoa zitakataliwa kwa haki kabisa. Ukikataliwa bila sababu, Ofisi ya Umuvunyi, yaani ombudsman, ndiyo inayosimamia utekelezaji wa sheria hiyo.

Jalada likisemekana limepotea, usiondoke bado. Omba ukurasa wa rejista wa mwaka huo, ambao huandikwa kando na jalada. Mstari mmoja tu wenye nambari, tarehe, pande na uamuzi unatosha kukupeleka kwenye nakala iliyobaki kwa upande wa pili wa kesi, au kwenye mahakama ya rufaa.