Swichi ya Heri Nusu Shari

Betri ya volti 9 haifi ghafla. Kwanza sauti hukwaruza, kama mtu aliyeamka na mafua. Noti za chini zinaanza kumeguka; mpiga besi anamkata jicho fundi mitambo, fundi mitambo naye anaikata jicho spika. Kisha sauti inanywea, inanywea, na ukija kutanabahi vidole vyako vinakimbia juu ya nyuzi bila mtu kusikia chochote. Wacheza dansi hawajui kilichotoweka. Hakuna anayegeuka kusema besi imekatika. Viuno tu vinapoa, halafu mmoja baada ya mwingine wanakumbuka kwamba wana kiu.

Hivyo ndivyo nilivyoumbuka usiku wangu wa kwanza Juba, mwaka 2012, katika bustani ya hoteli moja kando ya Mto Naili. Nilikuwa nimetoka Mombasa na besi ya nyuzi tano, ya kisasa, yenye saketi ya kukuza sauti tumboni, vifundo vitano vya kuzungusha na mbwembwe zake zote. Mchana baada ya mazoezi niliiacha na jeki ndani. Wapiga besi wenzangu wameshacheka. Kwa besi za aina ile kuchomeka waya ndiko kuwasha. Jeki ikiwa ndani betri inaliwa, upige usipige. Na saa tano ya usiku, katika mji usioujua, betri ya mraba utaitafuta kwa nani?

Asubuhi nikaelekezwa kwa fundi wa redio sokoni Konyo Konyo. Kijana, meza moja chini ya mwavuli, kopo la biskuti lililojaa vipuri vya maiti za kaseti na televisheni. Alikulia kambini Kakuma, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, ingawa pesa alizihesabu kwa Kiarabu cha Juba. Aliitoa betri, akaigusisha ulimini.

"Imekufa," akasema. "Sasa mzee, betri ikiisha hii gitaa inakula nini?"

"Haili kitu. Inanyamaza."

"Basi hii ni redio yenye nyuzi."

Nilichukia, maana nilikuwa nimeinunua ghali. Lakini nilikuwa na onyesho jioni ile, na mwenye shida hachagui maneno ya kuambiwa. Nikamwacha aifungue. Alifuata waya mmoja mmoja kwa ncha ya bisibisi, midomo ikimchezacheza kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Kisha akachomoa swichi ndogo kwenye kaseti mbovu, akatoboa tundu moja karibu na kifundo cha sauti, akalehemu. Swichi ikiwa juu, sauti inapitia saketi na betri kama alivyotaka mtengenezaji. Ikiwa chini, inatoka kwenye pikapu, zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, moja kwa moja hadi kwenye jeki. Chini huko inakuwa ndogo zaidi, ina giza kidogo, haina ule mng'aro wa dukani. Ila ipo. Nimeibatiza swichi ya heri nusu shari, na tangu siku hiyo sijapanda jukwaani na gitaa lisilokuwa nayo.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba kijana yule alikuwa ameirudisha kazi kwa wenyewe. Leo Fender, aliyeitoa besi ya Precision mwaka 1951, alikuwa fundi wa redio. Mwaka 1938 alifungua karakana ya kutengeneza redio mjini Fullerton, California, na hadi anakufa hakujua kupiga gitaa. Wapo waliomtangulia, kina Paul Tutmarc wa Seattle katika miaka ya 1930, lakini besi tunazozijua leo zimefuata mkono wa Fender, na mkono ule ulikuwa wa mtu aliyezoea kuletewa vitu vilivyoharibika. Itazame kwa jicho hilo. Shingo haikugundishwa mwilini kama ya fidla. Imefungwa kwa skrubu nne, ili ikipinda itolewe iwekwe nyingine. Nyaya na vifundo vimekaa chini ya kifuniko kinachofunguka kwa bisibisi. Pikapu ni sumaku zilizozungushiwa uzi wa shaba mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko, basi. Uzi wa gitaa ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa ndani ya shaba. Ni chombo kilichoundwa na mtu aliyetarajia kwamba siku moja kitafunguliwa sokoni.

Kwingineko, marekebisho ya besi yamekuwa mashindano ya kuongeza: pikapu ya tatu, saketi ya pili, taa ndogo ubavuni mwa shingo. Siwacheki, nami nilianzia huko. Hapa Juba kila kinachoongezwa kinaulizwa swali la yule kijana: kikiisha, gitaa litakula nini? Kwa hiyo sifa ya fundi wa Juba imo zaidi katika vile alivyoviondoa, na katika vitu vidogo visivyopigwa picha. Nati ya tundu la jeki, kwa mfano, hulegea polepole. Tundu linaanza kuzunguka na kila mzunguko unaunyonga waya wa ndani, mpaka unakatika katikati ya wimbo. Pete ya chuma yenye meno chini ya nati inamaliza kisa hicho. Au waya wenyewe: upitishe nyuma ya mkanda wa begani kabla ya kuuchomeka, ili shemeji wa bwana arusi akiukanyaga avute mkanda, asivute jeki. Nimewaona wapigaji wenye majina yao wakiangushwa na kutojua hilo.

Halafu kuna mvumo. Umeme wetu unapepea mara 50 kwa sekunde. Uzi wa E wa besi, ukiachwa wazi, hutikisika kama mara 41. Ukiubana freti ya tatu unapata G ya mara 49. Maana yake, mvumo wa umeme unaovuja kwenye spika ni G iliyopanda kidogo. Mpiga kinanda wetu mmoja alikuwa akihamishia kila wimbo kwenye G vyombo vikianza kuvuma, na akiona aibu akiulizwa sababu. Jenereta nalo lina tabia zake. Mashine kubwa ya kawaida huzunguka mara 1,500 kwa dakika kutoa ile 50. Ikichoka, au mtu akiwasha friji la jikoni, inapungua mwendo na mvumo unashuka. Tumepiga nyimbo nzima na mwanabendi huyo wa dizeli ambaye hajawahi kutyuniwa. Mwishoni mwa mwaka 2019 mtambo wa megawati 33 ulizinduliwa Juba na baadhi ya mitaa ikapata umeme wa gridi, lakini wapiga muziki hatukuacha kusikiliza jenereta kwa sikio moja.

Mvumo unapungua ukitandaza karatasi ya alumini ya jikoni ndani ya tundu la pikapu na kuiunganisha na waya wa daraja la nyuzi. Alumini haikubali risasi ya kulehemu, kwa hiyo ibanwe kwa skrubu. Kijana wangu alinifanyia hivyo kwa mabaki ya karatasi ya kufungia kuku. Lakini waya uleule wa daraja unaounganisha nyuzi na spika unakuunganisha na wewe pia, na hapo mzaha unakoma. Mei 1972, huko Swansea, Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika maikrofoni ambayo haikuwa imeunganishwa vizuri na ardhi, gitaa likiwa mkononi, akafa mbele ya watazamaji. Jukwaa la Juba lenye jenereta nje na nyaya zilizofungwa kwa nailoni halihitaji hata robo ya bahati mbaya ile. Kabla ya kuimba naigusa maikrofoni kwa mgongo wa mkono. Midomo baadaye.

Nyuzi sitazisimulia sana. Zinachemshwa kwenye sufuria dakika kama kumi, uchafu unatoka, zinang'aa kwa siku chache, zinazeeka tena. Mpiga besi James Jamerson wa Motown alijulikana kwa kutozibadili mpaka zikatike, na hakuna aliyemlaumu. Wala sisi si wa kwanza kuokota. Bendi ya Konono No. 1 ya Kinshasa walijitengenezea maikrofoni za likembe, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, kwa sumaku za vipuri vya magari, na makelele ya vile vyombo vyao yakawafikisha Ulaya.

Wazee wa Juba hukumbuka Skylarks na Rejaf Jazz, bendi za miaka ya 1970, mkataba wa amani wa Addis Ababa wa 1972 ulipoleta pumzi, na masikio ya vijana yakawa Nairobi, Kampala na Kinshasa. Vita vikarudi 1983. Ninapopita na gitaa mgongoni, mzee mmoja karibu na nyumbani huniuliza, "Hiyo ni solo au besi?" Nikijibu besi, anatikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba nimemjibu swali la ukoo.

Mwaka juzi tulikuwa arusini Gudele. Wimbo wa nne, jenereta likakohoa likazima: dizeli imekwisha. Giza, vigelegele vikakatika, kijana akatumwa na dumu juu ya bodaboda. Mpiga ngoma aliweka vijiti chini akaendelea kwa viganja. Mwimbaji akasogea karibu na watu. Kinanda kilikuwa ubao tu. Mimi nikachomoa jeki, nikaenda kwenye meza kuu, ya mbao nzito, nikakisimamisha kichwa cha gitaa juu yake na kukikandamiza. Ukifanya hivyo mtetemo unashuka kwenye shingo na kuingia mezani, na meza yote inakuwa tumbo la gitaa. Haikuwa sauti kubwa. Waliokaa pale waliipata kwa viwiko kabla ya kuipata kwa masikio. Shangazi wa bibi arusi aliinua soda yake, akaitazama, akairudisha mezani polepole, kisha akaanza kuyumba mabega. Watoto wakaja kubandika viganja vyao mezani. Tukapiga hivyo nyimbo mbili, tatu labda, gitaa likiwa halili betri wala dizeli.

Bodaboda ikarudi. Jenereta likavutwa kamba mara ya kwanza, ya pili, likashika. Taa zikawaka, na kwenye spika ukarudi ule mvumo, umeshuka kidogo chini ya G. Mpiga kinanda akausikiliza, akainama, akatutajia wimbo unaofuata.