Matone ya Ruzizi na Kitabu cha Mto

Jumamosi moja, baada ya mafundisho ya ubatizo, mama mmoja alibaki nyuma, mtoto mgongoni, akaniuliza: «Mwalimu, ni kweli kwamba matone ya polio ndiyo yaliyotuletea sida? Nimeambiwa kuna Mzungu aliyeandika hivyo kitabuni.»

Sikumcheka, wala msomaji asimcheke. Kitabu kipo. Kina kurasa zaidi ya elfu moja, nacho chasema juu ya nchi yetu, mito yetu na misitu yetu. Habari yake imefika mpaka mlangoni pa kanisa, lakini kitabu chenyewe hakikufika. Basi yafaa tukipime hapa kwa haki, kama inavyopasa kulipima neno lo lote zito: kwanza, mtu anasema nini, pili, ana mashahidi gani.

Kitabu huitwa The River, maana yake Mto. Mwandishi wake ni Edward Hooper, Mwingereza, mwandishi wa habari aliyefanya kazi Afrika. Kilitoka mwaka 1999. Si yeye aliyekuwa wa kwanza kulitamka jambo hili. Mwaka 1992 gazeti moja la Marekani, Rolling Stone, lilikuwa limekwisha kuliandika; likashtakiwa, na mwaka 1993 likachapa maneno ya kujisahihisha.

Tuanze na mambo ambayo hakuna anayeyabisha. Kati ya mwaka 1957 na 1960, nchi hii ilipokuwa mikononi mwa Wabelgiji, chanjo mpya ya polio ililetwa kwetu. Aliyeitengeneza ni daktari Hilary Koprowski, mzaliwa wa Poland, mkuu wa chuo cha uchunguzi cha Wistar, mjini Philadelphia, Marekani. Chanjo hiyo, iliyoitwa CHAT, haikuwa sindano. Ilikuwa dawa ya maji iliyotiwa kinywani, na ndani yake mlikuwa na virusi vya polio vilivyo hai lakini vimedhoofishwa. Katika miezi ya kwanza ya mwaka 1958 watu zaidi ya 200,000 wa bonde la Ruzizi walipewa dawa hiyo, wakubwa kwa wadogo, pande zote mbili za mto. Baadaye walipewa watoto wengi wa Léopoldville. Na karibu na Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani, kando ya mto Lindi, palikuwa na kambi ya sokwe mtu. Walikamatwa msituni kwa mamia, wakatumiwa katika majaribio ya chanjo hiyo, nao wengi walikufa.

Hapo ndipo Bwana Hooper anapoingia na fikira yake mwenyewe. Alichora kama ramani mbili. Moja ilionyesha mahali palipotolewa matone. Nyingine ilionyesha mahali walipotokea wagonjwa wa kwanza wa sida, na mahali ilipopatikana damu ya zamani yenye virusi vyake. Akaona ramani hizi zinafanana. Akafikiri hivi: virusi vya polio huoteshwa katika chembe za figo za mnyama. Kama figo za sokwe zilitumika, na kama sokwe mmoja alikuwa na virusi vilivyo ndugu wa virusi vya sida, basi matone ndiyo yaliyokuwa njia. Koprowski na wenzake walikana kabisa, wakasema hawakutumia figo za sokwe, bali za kima.

Niseme kwanza wema wa kitabu hiki, kwa maana kipo. Mwandishi hakukaa mezani kwake akibuni. Alisafiri miaka mingi, aliuliza mamia ya watu, alisoma taarifa zilizokuwa zimesahauliwa makabatini. Tena aliuliza swali ambalo wakubwa wa elimu hawakulipenda: ni nani aliyewapa ruhusa? Mwaka 1950 daktari huyo huyo alikuwa amejaribu chanjo yake ya kwanza ya kumeza kwa watoto wenye upungufu wa akili, waliotunzwa katika nyumba moja ya serikali, jimbo la New York. Kisha ikawa zamu ya watu wa Ruzizi. Je, mtoto yule angewezaje kukataa? Na mkulima wa Ruzizi, aliyeishi chini ya amri ya koloni, akiitwa kwa amri na kuja kwa amri, angewezaje kukataa? Hatimaye Marekani walipochagua chanjo ya kumeza kwa watoto wao wenyewe, walichagua ile ya Sabin, si ile iliyotiwa vinywani mwa watu wetu. Neno hili si uvumi. Kitabu kilifanya vema kulitoa kizani.

Lakini swali jema halimpi mtu haki ya kujibu apendavyo. Kosa la kwanza la kitabu limo katika zile ramani. Waganga wa koloni walitoa matone mahali penye barabara, bandari, miji na watu wengi. Ni mahali pale pale palipokuwa na hospitali, waganga na damu iliyohifadhiwa. Taa huangaza karibu na pale ilipowekwa. Mtu akitafuta fedha yake chini ya taa tu, asishangae kuona kwamba fedha zote huokotwa hapo. Vitu viwili vilivyokaa mahali pamoja si lazima kimoja kiwe mzazi wa kingine.

Hata hivyo wenye elimu walipaswa kulichunguza neno hili, si kulitukana tu. Mtu aliyesema hivyo kwa sauti kuu alikuwa William Hamilton, mtaalamu wa viumbe wa Oxford, mwenye sifa kubwa duniani. Yeye ndiye aliyeandika dibaji ya The River. Mwezi wa Januari 2000, nchi yetu ikiwa vitani, alikuja Kisangani na kuingia msituni kutafuta mavi ya sokwe, ili virusi vyao vipimwe. Alirudi Uingereza akiwa mgonjwa wa malaria, akafa mwezi wa Machi mwaka ule ule. Waweza kusema alikosea. Lakini huwezi kusema hakujali ukweli.

Tusikilize basi mashahidi waliokuja baadaye.

Shahidi wa kwanza ni chupa zenyewe. Chanjo ya CHAT iliyobaki katika mabarafu ya Wistar ilipimwa na maabara mbalimbali, majibu yakatolewa mwaka 2001. Hawakuona virusi vya sida wala alama ya sokwe. Waliona alama ya kima. Hooper akajibu kwamba chupa hizo sizo zilizotumiwa Kongo. Jibu hili halikuwa upuzi, kwa maana chupa moja safi haithibitishi usafi wa chupa zote. Tulihitaji mashahidi wasiotegemea chupa.

Shahidi wa pili ni sokwe wa msitu wetu. Michael Worobey, kijana mtaalamu aliyesafiri pamoja na Hamilton, aliona kwamba fikira ya Hooper yastahili kupimwa. Akapima. Mwaka 2004 yeye na wenzake walitangaza kwamba sokwe wa pande za Kisangani wana virusi kweli, lakini ni vya ukoo mwingine. Havikuzaa sida iliyoenea duniani. Mwaka 2006 wengine waliona ndugu wa karibu kabisa wa virusi vya sida katika sokwe wa kusini mashariki ya Kamerun, mbali sana na kambi ya Lindi.

Shahidi wa tatu ni umri. Virusi, vikijizaa, hubadilika kidogo kidogo mwaka hata mwaka, kama lugha moja inavyobadilika vijiji vikitengana. Tukisikia vijiji viwili vinasema lugha moja lakini kwa tofauti kubwa, twajua kwamba babu zao waliachana zamani. Sasa, kuna damu ya mtu wa Léopoldville iliyotolewa mwaka 1959, na kipande cha mwili wa mtu mwingine wa mji huo cha mwaka 1960. Vyote viwili vina virusi vya sida, lakini virusi hivyo vyatofautiana sana. Worobey na wenzake walifanya hesabu, wakaitangaza mwaka 2008: babu yao mmoja aliishi karibu na mwaka 1908, au tuseme kati ya 1884 na 1924. Basi matone ya mwaka 1958 hayawezi kuwa baba wa mtoto aliyezaliwa zaidi ya miaka 30 kabla yake.

Mashahidi hawa hawakupanga maneno pamoja, nao wakubaliana. Mmoja wao alitoka upande wa wale waliotaka fikira ya Hooper ichunguzwe, akaleta jibu lililoiangusha. Hiyo ndiyo alama ya mtu mwaminifu: kutoa ushuhuda hata ukivunja nyumba aliyoingia kwa heshima. Kwa hiyo nasema wazi: The River kiliuliza vema, kikajibu vibaya.

Najua wengine hapa watanuna. Watasema: «Katekista naye anawatetea Wabelgiji.» Ndugu yangu, ngoja kwanza. Yupo daktari wa Kanada, Jacques Pépin, aliyewahi kutibu wagonjwa huku kwetu, Nioki, miaka ya 1980. Mwaka 2011 alitoa kitabu chake juu ya asili ya sida. Huyu hasemi matone. Anasema kwamba, yaelekea, mwindaji au mtu aliyechinja nyama ya msituni aliambukizwa kwa damu, na virusi vikashuka na watu kwa njia ya mito mpaka Léopoldville. Mto upo kweli, ila si Ruzizi wala Lindi. Halafu anauliza: ugonjwa wa mtu mmoja uliwezaje kuwa wa maelfu? Anaonyesha mambo mawili. La kwanza, miji ya koloni iliyoita wanaume kwa kazi na kuwaacha wake zao kijijini, mpaka umalaya ukawa desturi. La pili, sindano. Katika kupigana na malale, kaswende na buba, watu walidungwa kwa maelfu, na sindano moja ilipita kutoka mkono wa huyu kwenda mkono wa yule bila kuchemshwa sawasawa.

Tazameni basi. Anayetaka kuihukumu koloni ana kesi nzito zaidi katika kitabu cha Pépin kuliko katika kitabu cha Hooper, tena kesi yenye hesabu na ushahidi. Lakini kesi hii haina mtu mmoja mwovu mwenye chupa ya sumu. Ina watu waliotaka kuponya, wakaponya wengi, wakadhuru wengine kwa haraka na kwa kutojali. Na dispanseri nyingi za wakati ule zilikuwa za misioni. Basi sisi wa Kanisa tusijitoe katika hesabu hiyo.

Ndiyo sababu nauogopa uvumi, hata ukiwa unatupendeza. Wazee wetu walisema: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hii ni ya kweli nusu. Lililopo mara nyingi si lile linalosemwa, bali ni jirani yake. Watu husema «matone yalileta sida». Lililopo ni kwamba watu walipewa dawa bila kuulizwa. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa korona, wataalamu wawili walisema katika televisheni ya Ufaransa juu ya kujaribu chanjo Afrika. Watu wetu waliwaka hasira, na hata profesa Muyembe, aliposema Kongo ipo tayari kwa majaribio, alilazimika kueleza upya maneno yake. Kidonda cha zamani ndicho kilichoguswa. Kidonda ni cha kweli. Tusikitie uwongo, kitaoza.

Tena amri ya nane haikuandikwa kwa ajili ya jirani tu aliye upande wa pili wa ua. Mtu akimshuhudia uwongo daktari aliyekufa, ni dhambi ile ile. Na mtu akimficha mama ukweli wa dawa apewayo mtoto wake, naye amevunja amri ile ile.

Kwa hiyo nilimjibu mama yule yote mawili. Nilimwambia: hapana, matone hayakuleta sida, sida ilikuwapo kabla yao. Nikamwambia pia jambo ambalo wengine huliogopa: virusi vilivyodhoofishwa vya matone, mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, vyaweza kupita kutoka mtoto hata mtoto na kupata nguvu tena. Imetokea kwetu: mwaka 2022 polio ya namna hiyo ilipoozesha watoto kwa mamia katika nchi hii. Na mwezi wa Machi 2023 wakuu wa kazi ya polio duniani walitangaza wenyewe kwamba watoto 6 wa mashariki ya Kongo na 1 wa Burundi walipoozeshwa na virusi vilivyotoka katika matone mapya. Hawakuficha. Na tazama sababu: virusi hivyo hupata njia pale penye watoto wasiochanjwa. Mama akikimbia matone kwa kuogopa sida isiyomo, anafungua mlango kwa ulemavu uliopo.

Mama alifikiri kidogo, akaniuliza: «Mbona muuguzi hakuniambia hivyo?» Sikuwa na jibu. Nawaachia swali hilo wauguzi, waganga na sisi walimu wa dini. Watu wa Ruzizi hawakuulizwa mwaka 1958. Huyu ameuliza mwenyewe, mtoto mgongoni, naye alikuwa na haki ya kujibiwa kabla ya kuuliza.