Sanje kwa siku moja: kupanda si kazi, kazi ni kushuka

Anayetaka kuona barafu Tanzania aende Kilimanjaro, na asikawie: zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo kileleni mwaka 1912 imeshatoweka. Sisi wa Mikumi mlima wetu wa karibu ni Udzungwa. Barafu haina, ila ina Maporomoko ya Sanje: mita 170 za maji yanayoshuka kwa ngazi tatu, kutoka msituni kuelekea kwenye mashamba ya miwa. Juzi tuliyapanda na kurudi siku hiyohiyo. Tulifika salama, lakini kazi tuliifanya vibaya, tena mahali ambapo hatukupategemea.

Tuanze na saa. Tulitoka Mikumi alfajiri kwa barabara ya Ifakara, tukavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu. Kijiji cha Sanje unakipita kabla ya Mang'ula, lakini vibali na mwongozaji tulivifuata makao makuu ya hifadhi, Mang'ula, kisha tukarudi nyuma yapata kilomita 10. Mguu wa kwanza uliingia msituni saa tatu, jua limeshakolea. Ningerudia, ningelala Mang'ula.

Joto lina hesabu yake. Kwa wastani, kila mita 100 unazopanda hupunguza nyuzi 0.6 hivi. Basi urefu wote wa maporomoko unakupunguzia nyuzi moja tu. Kule Kilimanjaro, kwenye mita 5,895, mtu anahangaika na hewa yenye karibu nusu ya shinikizo la pwani. Huku hewa ni tele. Taabu ni jasho lisilokauka kwa sababu ya unyevu. Kinachokupoza ni kivuli. Ndiyo maana mwongozaji alitupumzisha chini ya miti, si kwenye miamba iliyo wazi, na mwendo wake ulikuwa wa mtu anayeweza kupiga soga bila kuhema. Maji tulikunywa kidogokidogo kabla ya kiu.

Upole huo una faida nyingine: masikio yanapata nafasi. Mangabei wa Sanje, kima asiyepatikana popote duniani nje ya milima hii, wenyeji walimjua siku zote. Watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walimfikia mwaka 1979 baada ya sauti yake kuwashtua. Ukipanda kwa pupa, utakachosikia ni pumzi zako.

Juu, Bonde la Kilombero lilifunguka lote, miwa ikiwa imepangwa kama mkeka. Hapo ndipo tulipokosea. Tulivua viatu, tukaingia kwenye bwawa la maji baridi, tukakaa karibu saa nzima.

Wakati wa kupanda, misuli ya mapaja hujikunja ikiusukuma mwili. Wakati wa kushuka hurefuka huku ikizuia uzito wote, na kazi hiyo ndiyo inayoichana zaidi na kuleta maumivu ya kesho yake. Sisi tuliipa kazi hiyo misuli iliyopoa, ndani ya viatu vilivyolowa, juu ya mizizi inayoteleza kwa manyunyu. Tulipanda kwa saa mbili. Kushuka kulizidi hapo.

Dawa ni nyepesi. Kula kwanza, majini dakika 15 zinatosha. Soksi kavu zikae ndani ya mfuko wa plastiki. Tembea kidogo kwenye tambarare kabla ya mteremko. Kisha hatua fupi, magoti yamelegea, fimbo itangulie, na penye mwinamo mkali shuka kiubavu. Hifadhi hii, iliyotangazwa mwaka 1992, haina barabara za gari ndani yake: miguu iliyokupandisha ndiyo itakayokushusha.

Kesho yake, nyumbani Mikumi, kizingiti cha mlango nilikishuka kinyumenyume.