Pwani Lazima Aichore Mtoto

Mradi wa ramani ya hazina uliorushwa Jumamosi ulikufa pale mwalimu alipofungua bahasha. Mliotazama mnakumbuka: watoto wameketi, karatasi zimekauka, penseli zimechongwa, halafu kila mmoja akakabidhiwa kisiwa kilichokwisha kuchorwa. Pwani tayari, ghuba mbili tayari, mlima tayari. Mtoto akaachiwa kupaka rangi, kuweka vidoti vya njia na kutia msalaba mwekundu.

Karatasi ziliandaliwa vizuri: chai ya rangi iliyopoa, zikalazwa bapa mpaka zikauke ndipo wino uguse. Hapo sina neno.

Lakini pwani! Aliyesoma Kisiwa chenye Hazina, iwe kwa tafsiri ya Frederick Johnson au kwa Kiingereza, na akataka kuifundisha, ajue kwanza riwaya hiyo ilizaliwaje. Mwaka 1881, huko Braemar, Uskoti, mvua ikiwa imewafungia ndani, Robert Louis Stevenson alikuwa akichora pamoja na mtoto wake wa kambo, Lloyd. Akachora kisiwa, akakitia rangi. Bandari zake zikamvutia, na alivyozidi kuitazama ile ramani, watu wa hadithi wakaanza kumjia kutoka katika misitu yake. Riwaya ikaifuata ramani. Mwalimu wetu amewanyang'anya watoto hatua hiyo hiyo ya kwanza.

Anayechora pwani kwa mkono wake hana budi kuamua meli itie nanga wapi, maji matamu yatoke wapi, nani atamwona nani kutoka kilimani. Kwenye riwaya, nanga inatiwa mahali palipozingirwa na misitu na vinamasi, ndiyo maana Daktari Livesey ananusa homa papo hapo. Chemchemi imo ndani ya boma, kwa hiyo boma linafaa kupiganiwa. Matukio yanaota kwenye mistari ya penseli. Aliyepewa pwani hakuamua lolote, na ilionekana: misalaba karibu yote iliangukia chini ya mlima, kwa kuwa mlima ndio uliokuwa mkubwa kwenye karatasi.

Mwalimu alijitetea kwamba anawapunguzia wazazi mzigo. Kilio hicho nakijua. Tangu mtaala wa umilisi uanze Kenya, wazazi wamelalamika sana kwamba miradi ya watoto inawaangukia wao. Basi punguza manila, gundi na vimetameta, ambavyo waamuzi wa maonyesho ya shule wameviabudu kwa miaka na mimi nimewapinga kwa miaka. Mstari wa pwani haumgharimu mzazi hata shilingi.

Na skeli iko wapi? Nitaendelea kuuliza hata kama nimewachosha. Dira ilichorwa pembeni kama ua, wala hakuna aliyeitumia. Kisiwa cha Stevenson kina urefu wa maili tisa hivi na upana wa tano. Maelekezo ya Kapteni Flint yanataja mti mrefu, pembe ya dira na futi kumi, na mifupa ya baharia imelazwa kuonyesha mwelekeo. Msomaji anaweza kuyafuata kwa rula.

Stevenson mwenyewe aliwahi kujaribu njia ya kinyume, kwa kulazimika. Kitabu kilipokuwa kinatayarishwa kwa Cassell, waliokitoa mwaka 1883, ramani ya kwanza ilipotea. Ikambidi apitie kitabu chote, aorodheshe kila mahali palipotajwa, kisha ashike bikari achore kisiwa kinachokubaliana na maneno. Kazi ilifanyika katika ofisi ya baba yake, Thomas, mhandisi wa minara ya taa, ambaye aliighushi kwa ustadi sahihi ya Flint. Ramani ikatoka, ina nyangumi na meli za matanga. Hata hivyo Stevenson alikiri kwamba kwake yeye haikupata kuwa Kisiwa chenye Hazina. Huyo ni bingwa, mwenye bikari na baba mhandisi, na bado kisiwa cha kulinganishiwa hakikumkaa moyoni. Tunamtegemea vipi mtoto wa darasa la tano akipende?

Jumamosi ijayo wanaandika hadithi. Mwalimu, karatasi zile zina upande wa pili. Zigeuze, waachie penseli nusu saa wachore pwani zao, waweke skeli, kisha waambie waandike.