Itihasa na Historia: Kipimo Kimoja kwa Vitu Viwili

Imedaiwa mara nyingi kwamba Wahindi wa kale hawakuwa na historia. James Mill, aliyechapisha kitabu chake juu ya India mwaka 1817 bila ya kupata kuikanyaga nchi hiyo, aliyahesabu masimulizi yao kuwa ni hekaya tupu. Baadhi ya watetezi wa masimulizi hayo nao wamekosea, kwani wamekishika kipimo kile kile cha Mill na kushikilia kwamba kila hesabu ya Purana ni tarehe halisi.

Maana ya neno itihasa katika Kisanskriti ni "hivyo ndivyo ilivyokuwa". Basi wasimulizi walidai kusema kweli; suala ni kweli ya namna gani. Katika Purana wakati umegawanywa katika zama nne, na zama za mwisho, Kali, huchukua peke yake miaka 432,000. Kila zama zipitapo, uadilifu hupungua. Hesabu hiyo haipangi matukio, bali humwonyesha msikilizaji mahali pake katika kuporomoka kwa wema. Hata nasaba za wafalme waliokwisha kufa hutajwa kwa wakati ujao, mithili ya utabiri. Kwa njia hiyo, aliyetawala jana huonekana kuwa aliandikiwa ufalme tangu kale.

Hata hivyo, njia mbili hizi zilipata kukutana. Kalhana wa Kashmir, aliyetunga Rajatarangini kwa mashairi mnamo 1148 hadi 1150, alichunguza maandishi ya kuchongwa, akawasahihisha waliomtangulia, na kumtaka msimulizi awe kama hakimu asiyependelea. Lakini katika utungo huo huo mfalme Ranaditya anatawala miaka 300. Mwanahistoria wa leo ataikataa hesabu hiyo, na ndio wajibu wake. Kazi ya mhakiki ni kuuliza hesabu hiyo inatenda nini ndani ya utungo.

Romila Thapar, katika kitabu chake cha mwaka 2013, ametenga historia iliyofumbatwa ndani ya masimulizi na ile iliyojitokeza wazi. Mgawanyo huo wafaa, maadamu ya kwanza haigeuzwi kuwa utoto wa ya pili.

Mfasiri wa Kiswahili naye hana budi kutahadhari. Akiita itihasa "historia", ameitwika ushahidi isioweza kuutoa. Akiiita "ngano", ameinyang'anya dai lake la kweli. Afadhali neno libaki lilivyo, lifafanuliwe.