Kamusi na Ubongo wa Mwanafunzi

Msomaji, yamkini kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotayarishwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson, ikapigwa chapa mwaka 1939, ipo katika maktaba ya shule yenu. Wengi huisifu kwa wingi wa maneno. Mimi naisifu kwa mpango wake: maneno ya nasaba moja hukusanywa chini ya shina lao, kama vile mpishi, mapishi na upishi walivyo watoto wa pika.

Mtoto wa Lamu hana haja ya msaada huo. Maneno hayo aliyasikia jikoni kwa mama yake, pamoja na moshi na harufu ya chakula, kabla hajajua kusoma. Lakini sisi wa bara, tuliokikuta Kiswahili shuleni, neno jipya hutujia uchi, likaegemea neno jingine tulijualo, na egemeo lenyewe huweza kutuangusha. Nilipokuwa mwanafunzi tulipewa kila Ijumaa orodha ya maneno arobaini ya kukariri. Humo iva ilifasiriwa “komaa”, basi. Nikaandika kwamba wali umekomaa. Darasa zima lilicheka, nami hata leo sijasahau kicheko kile.

Orodha hiyo ilisahau jinsi ubongo ufanyavyo kazi. Ndani yake mna sehemu ndogo iliyopindika, iitwayo hipokampasi, ambayo hupokea jambo jipya na kulifunga pamoja na mengine. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison alipasuliwa ili atibiwe kifafa, na sehemu kubwa ya hipokampasi zake mbili ikaondolewa. Maneno ya utotoni hakuyapoteza. Aliendelea kuzungumza vizuri, akafariki mwaka 2008. Lakini maneno yaliyozuka katika Kiingereza baada ya kupasuliwa kwake yalimshinda karibu yote.

Johnson basi, kwa kulifunga neno na jamaa zake, aliusaidia ubongo. Kasoro yake ni kueleza maana zote kwa Kiingereza, hata mwanafunzi wa Kenya huegemeza lugha yake ya pili juu ya ya tatu. Kwa hiyo mimi huwapa wanafunzi kwanza Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ielezayo Kiswahili kwa Kiswahili. Ile ya Johnson huifungua baadaye, tunapotaka kuona ukoo wa neno.